Mkiandika habari za kijana wa tarumbeta, tuambieni kwanza alikaa kiti cha nani

Ndugu Mhariri,

Salaam na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wa ukurasa wenu wa burudani miaka nenda rudi, na kawaida siandiki, nasoma tu nanyamaza, ila safari hii imebidi. Kuna namna mnaandika habari za vijana wa jazi, hasa wapuliza tarumbeta, inanikera kila nikiiona na sidhani kama niko peke yangu. Kila kijana akitoka habari ni ileile: ana miaka kadhaa, kashinda tuzo fulani, katoa albamu, wazee wamemsifia, na lazima mahali fulani aitwe Miles mpya au Clifford mpya (Miles Davis na Clifford Brown, wapuliza tarumbeta wakubwa wa zamani), basi, habari imeisha tunageuza ukurasa tunaenda kwenye mpira. Yaani anaonekana kashuka kutoka mbinguni na tarumbeta mkononi.

Hoja yangu ni moja tu na ntaisema mapema ili mkikata barua mkate huko chini. Mpuliza tarumbeta kijana hajitoi mwenyewe, kuna mtu alimpa kiti. Kuna mkubwa mmoja mwenye bendi alimwita akamwambia kaa pale mwisho, piga tarumbeta ya tatu au ya nne, sikiliza wenzio, halafu usiku mmoja akamwachia solo. Hicho kiti ndo habari yenyewe, albamu inakuja baadaye, na nyie kiti hamkiandiki kabisa.

Nianze na mpuliza tarumbeta Lee Morgan maana yeye ndo mfano unaotumika vibaya kuliko wote. Watu wanapenda kusema alirekodi albamu yake ya kwanza akiwa na miaka 18, na ni kweli, kazaliwa Philadelphia tarehe 10 Julai 1938 na Novemba 1956 yuko studio na lebo ya Blue Note kama kiongozi wa bendi, tena siku hizohizo anarekodi na lebo nyingine, Savoy. Ukiishia hapo utasema huu ni muujiza. Ila rudini nyuma kidogo. Tarumbeta yenyewe alipewa na dada yake akiwa anatimiza miaka 13. Shule akasoma Mastbaum, shule ya ufundi ya palepale Philadelphia iliyokuwa na muziki wa nguvu, Red Rodney wa tarumbeta, aliyekuja kupiga na Charlie Parker wa saksafoni, kapita hapo, Buddy DeFranco wa klarineti kapita hapo. Na mji wenyewe sasa, jamani, John Coltrane wa saksafoni anaishi hapo, wale ndugu wanamuziki kina Heath wote watatu ni wa hapo, Benny Golson, mpiga saksafoni na mtunzi, wa hapo, McCoy Tyner wa piano ni wa umri wake kabisa, wote 1938. Kulikuwa na duka la vyombo vya muziki linaitwa Music City ambalo vijana walikuwa wanakwenda kupiga na kuwasikia wakubwa waliokuwa wanapita mjini, na kwa Clifford Brown mwenyewe Lee alipata masomo machache. Kwahiyo huyo "aliyeibuka ghafla" alikuwa ameshakaa miaka mitano ndani ya chumba kilichojaa watu wanaojua kuliko yeye.

Halafu 1956 mpiga drums Art Blakey anafika Philadelphia na bendi imepungua, inabidi atafute watu, anawachukua vijana wawili wa hapohapo, Lee kwenye tarumbeta na Spanky DeBrest kwenye besi. Spanky akabaki na Blakey. Lee yeye akaenda kwenye bendi kubwa ya Dizzy Gillespie, kuziba nafasi aliyoiacha Joe Gordon. Hapa ndo nataka mkae kidogo, maana hapa ndo penyewe. Bendi kubwa sio sehemu ya kujionyesha. Unakaa kwenye safu na wenzio, una karatasi mbele yako, unahesabu mapumziko, ukiingia robo sekunde kabla ya wenzio kila mtu anasikia, ukipuliza kwa nguvu kuliko kiongozi wa safu unaangaliwa vibaya. Kila usiku pembeni yako kuna watu wanaofanya kazi hiyohiyo kwa miaka kumi na zaidi na hawana muda wa kukubembeleza.

Na kiongozi wa bendi sio mtu yeyote, ni Dizzy, ndo mpuliza tarumbeta mwenyewe, ndo katunga Night in Tunisia na kila mtu anamlipia yeye aipige. Sasa Dizzy akafika kwenye wimbo wake mwenyewe, ule unaomtambulisha, akampa kijana solo. Imo kwenye rekodi ya tamasha la Newport la Julai 1957, Lee ana siku chache tu atimize miaka 19. Mwenye wimbo kasimama pembeni, mtoto anapuliza. Mhariri, mimi nikisikia ile solo siwazi kipaji hata kidogo, namuwaza yule mzee wa miaka 39 aliyekubali kusikilizwa kidogo ili mwingine asikilizwe zaidi, maana hakuna sheria iliyomlazimisha.

Baada ya hapo ndo mambo yakaenda mbio. Septemba 1957 Coltrane anamuita kwenye albamu yake Blue Train. Hebu tafuteni ule wimbo wa kwanza msikilize kwa utulivu, Coltrane anatoka na solo nzito, ndefu, imejaa, ukisikia unasema huyu atakayemfuata ana kazi, na anayemfuata ni Lee, miaka 19. Hajaribu kushindana kwa wingi wa noti. Anazichoma fupifupi, anaacha nafasi, halafu kuna pale anaibonyeza vali nusu tu badala ya kuishusha yote na sauti inateleza, inakuwa kama mtu anayeongea huku anacheka. Ile ya vali nusu ikawa alama yake maisha yote. Hakuisomea darasani ile, ni ya kusikiliza watu na kujaribu usiku hadi usiku.

Na ni kweli Blue Note walimrekodi sana, albamu sita kama kiongozi kati ya Novemba 1956 na Februari 1958. Wengine wanasema walimharakisha. Mimi nakubali nusu. Ukizisikiliza kwa mpangilio unaona mtu anakua mbele yako, zile za mwanzo noti ni nyingi mno, kasi nyingi, misemo ya Clifford na ya Dizzy imejaa humo, ile ya tatu nyimbo zote kaandikiwa na Benny Golson, yaani kabebwa, na sioni ubaya wowote wa kubebwa. Halafu ukifika albamu ya Candy, ambayo ni yeye peke yake wa kupuliza na nyuma yake piano, besi na drums, hakuna saksafoni ya kumpokea apumzishe midomo, hapo unasikia mtu ambaye keshajua kunyamaza. Kati ya ile ya kwanza na hiyo ni miaka isiyofika hata miwili. Lakini katikati ya miaka hiyo alikuwa anafanya nini? Alikuwa kwa Dizzy, kwenye safu, anahesabu mapumziko.

Bendi ya Dizzy ilivunjika mwanzoni mwa 1958, na mwaka huohuo Lee akaenda kwa Blakey, safari hii kukaa. Wanasema bahati, mimi nasema mtandao wa nyumbani, maana aliyekuwa anasuka ile bendi ya Blakey ni Golson, na akawavuta watu wa Philadelphia wenzake: Lee, Bobby Timmons kwenye piano, Jymie Merritt kwenye besi. Tarehe 30 Oktoba 1958 wakarekodi Moanin', Lee ana miaka 20, na wimbo ukishatoka kwenye maitikio yale ya mwanzo wa kwanza kupewa solo ni yeye. (Tarehe hiyo ingekuwa siku ya kuzaliwa ya Clifford Brown, angetimiza miaka 28. Sijui kama kuna aliyekumbuka pale studio lakini mimi huwa nakumbuka.)

Niseme kidogo kuhusu huyo Blakey maana bila yeye habari ya matarumbeta haielezeki. Mpiga drums, sio mpuliza tarumbeta, lakini angalieni waliopita mikononi mwake: Clifford Brown kwenye ile rekodi ya klabu ya Birdland ya Februari 1954, Kenny Dorham, Donald Byrd, Bill Hardman, Lee, kisha Freddie Hubbard kuanzia 1961, Woody Shaw, Valery Ponomarev aliyetoka Urusi ya Kisovieti, Wynton Marsalis 1980 akiwa na miaka 18, na Wynton alipoondoka 1982 akaingia Terence Blanchard. Huyu mzee alikuwa anawachukua watoto, anawalazimisha watunge nyimbo zao wenyewe, anawapigia drums nyuma kwa nguvu mpaka ukiwa mvivu unaonekana, halafu wakishakomaa anawaachia waende wakaanzishe bendi zao na yeye anachukua wengine. Blakey alifariki Oktoba 1990. Swali ambalo gazeti lingetakiwa kuliuliza tangu hapo ni moja, zile nafasi zimekwenda wapi? Hamjaliuliza, mmekazana na tuzo.

Sasa kwanini tarumbeta hasa, kwanini nisiseme piano au gitaa. Kwasababu tarumbeta ina vali tatu tu. Piano ukibonyeza kitufe kinalia kilekile hata kama mkono wako ni wa mtoto. Kwenye tarumbeta ukibonyeza vali zilezile unaweza kupata noti tano sita tofauti, au usipate hata moja, kinachochagua ni midomo, pumzi na sikio lako, lazima uisikie noti kichwani kabla haijatoka. Na midomo ni nyama. Inachoka. Kijana anayejifungia ndani peke yake na klipu za mitandaoni anajifunza noti za juu, maana ndo zinazopigiwa makofi, anakandamiza chuma kwenye meno mpaka mdomo unavimba, kesho yake hata skeli ya kawaida haitoki. Mkubwa aliyekaa pembeni yake angemwambia siku ya kwanza tu, punguza, shika noti moja ndefu, pumua chini, ile ya juu itakuja yenyewe.

Na hata wakubwa wenyewe haikuwaacha. Louis Armstrong midomo ilimtesa vibaya miaka ya 1930 kwa kulazimisha noti za juu kila usiku. Freddie Hubbard, ambaye ujanani alikuwa na nguvu za kutisha, 1992 mdomo wake wa juu ulipasuka ukaingia maambukizi na hakurudi tena kuwa yule tuliyemjua. Kwahiyo mkimsifia kijana kwamba anapiga juu na anapiga haraka bila kutuambia nani anamwangalia anavyojitunza, mnasaidia kumvunja.

Clifford Brown sitamwandika sana, kila mtu anamwandika, ila kuna kipande cha mwanzo wake ambacho watu wanakiruka. Mtoto wa Wilmington, Delaware, kazaliwa 1930, mwalimu wake wa mwanzo Robert Lowery alikuwa mtu wa hapohapo mtaani, sio jina kubwa duniani. Chuo aliingia kwa mlango wa hesabu. 1950 akapata ajali mbaya ya gari akalazwa karibu mwaka mzima, na Dizzy (huyohuyo tena) alikwenda kumwona hospitali akamtia moyo asiache. Mnajua rekodi zake za kwanza 1952 zilikuwa za nini? Sio jazi ya maana ile mnayoijua. Ilikuwa bendi ya Chris Powell, muziki wa kuchezeka, ridhimu na bluzi za kumbi, yeye ni mpuliza tu kwenye kundi la mtu. Mwaka uliofuata akaenda Ulaya na bendi kubwa ya Lionel Hampton, ambako mwenye bendi alikataza vijana wasirekodi pembeni na wao wakatoroka usiku wakarekodi Paris na Stockholm. Wanaopenda hadithi za utukutu wanapenda hiyo. Mimi ninachokiona ni kwamba kabla hajaunda lile kundi na mpiga drums Max Roach 1954 alikuwa keshapita kwenye bendi za watu watatu wanne tofauti, tena zingine za muziki ambao wapenzi wa jazi wanaudharau.

Alikufa kwa ajali nyingine ya gari Juni 1956, ana miaka 25. Miezi isiyofika mitano baadaye ndo Lee anarekodi albamu ya kwanza, kwahiyo mnaelewa kwanini kila mtu alimtaka awe Clifford mpya. Mtoto wa miaka 18 anabebeshwa jeneza. Mwenyewe kama alilitaka hilo jina au hakulitaka sio kazi yangu kusema, ninachojua ni kwamba alipokuja kupata sauti yake kabisa haikuwa ya Clifford, Clifford alikuwa anapiga duara safi, kila noti imekatwa vizuri, Lee alikuwa mkorofi, mcheshi, anavuta noti chini kwa makusudi. Wangeendelea kumsikiliza wakitafuta Clifford wangeona makosa tupu.

Nihamie Afrika Kusini maana hata kwetu Afrika mfano upo, na mnapomwandika Hugh Masekela mnaanzia 1968 aliposhika namba moja Marekani na Grazing in the Grass, kana kwamba kazaliwa siku hiyo. Masekela kazaliwa Witbank 1939. Tarumbeta alipewa akiwa na miaka 14 pale shule ya St Peter's na padri Trevor Huddleston (ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960), baada ya kijana kuona sinema moja ya mpuliza tarumbeta na kuanza kusumbua. Padri hakuishia kumpa chuma akamwacha, alimtafutia mwalimu, mzee mmoja aliyekuwa anaongoza bendi ya brasi ya manispaa ya Johannesburg, wakimwita Uncle Sauda. Wenzake nao wakataka vyombo, ikazaliwa Huddleston Jazz Band. Kisha 1956 Louis Armstrong akawatumia tarumbeta kutoka Marekani, ile picha ya Masekela anaruka nayo juu, mdomo wazi, wengi wenu mmeshaiona.

Lakini hata hapo bado. Akazunguka na waimbaji wakubwa akina Manhattan Brothers, akakaa kwenye bendi ya lile onyesho la King Kong 1959, ndo mwishoni mwa mwaka huo wakaunda Jazz Epistles. Angalieni nani yumo: Dollar Brand wa piano ambaye leo mnamjua kama Abdullah Ibrahim, Jonas Gwangwa kwenye trombon, na Kippie Moeketsi kwenye saksafoni, mtu aliyemzidi Masekela karibu miaka 14. Kippie ndo alikuwa mwalimu mle ndani, wote walikuwa wanamwangalia yeye. Wakarekodi albamu mapema 1960, ya kwanza ya jazi kwa kundi la weusi kule. Machi 21 mauaji ya Sharpeville, watu 69, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na mwaka huohuo Masekela akaondoka, London kwanza kisha Manhattan School of Music, New York, kwa msaada wa Huddleston, Miriam Makeba, Harry Belafonte na wengine. New York akawakuta kina Dizzy na Miles wenyewe, na ushauri aliopewa na wakubwa wa kule ni kwamba asijaribu kuwa wao, aweke vitu vya kwao. Kwahiyo ile 1968 mnayoanzia nyie ilikuwa na miaka 15 ya viti nyuma yake, na kila kiti kina jina la mtu.

Sasa mtasema hayo ni ya zamani bwana, bendi zilikuwa nyingi, siku hizi kijana atapata wapi kiti. Ni kweli dunia imebadilika na sitabisha. Zamani lebo kama Blue Note ilikuwa inawalipa wanamuziki mpaka siku za mazoezi, halafu wanaingia kurekodi kwa fundi wa sauti Rudy Van Gelder, ambaye studio yake kwa muda mrefu ilikuwa sebule ya nyumba ya wazazi wake kule Hackensack, albamu nzima mara nyingi inaisha siku moja. Ukiwa kijana unaweza kurekodi sana na kukosea sana bila kufilisi mtu. Leo kijana anajilipia studio mwenyewe kwahiyo anataka kila noti iwe safi, anaogopa. Na badala ya bendi za kuzunguka kuna vyuo na mashindano.

Lakini kiti hakijafa, mnakosa kukitafuta tu. Roy Hargrove 1987 alikuwa mwanafunzi wa shule ya sanaa Dallas, Wynton Marsalis akapita akamsikia, akamchukua apige na bendi yake, kabla hata hajamaliza shule. Wynton ambaye mwenyewe alipewa kiti na Blakey. Albamu ya kwanza ya Roy ikatoka 1990. Na Roy alipokuwa mkubwa usiku wa New York alikuwa anaonekana pale klabu ya Smalls anapiga na watoto wasiojulikana mpaka karibu na asubuhi, mtu mwenye tuzo ya Grammy, anawasubiri wamalize solo zao mbovu. Alifariki Novemba 2018, miaka 49, na vijana wengi waliomlilia ni wale wa usiku ule.

Au Ambrose Akinmusire wa tarumbeta, baba Mnigeria, kazaliwa 1982 kakulia Oakland. Steve Coleman wa saksafoni alimsikia akiwa bado sekondari Berkeley, na alipofika miaka 19 akamchukua kwenye ziara ya Ulaya. Muziki wa Coleman ni mgumu, mapigo yanapishana mpaka unapotea, sio mahali pa kuonyesha umahiri wako, ni mahali pa kujua hujui. Ambrose akarudi akasoma zaidi, 2007 akashinda mashindano ya jazi ya Thelonious Monk, 2011 ndo Blue Note wakatoa albamu yake ya kwanza kwao. Hesabuni wenyewe kutoka ile ziara mpaka hapo. Magazeti mengi yalianza kumwandika 2007, na kichwa cha habari kilikuwa tuzo.

Tuzo zenyewe sizichukii, ila mjue zinachofanya na zisichofanya. Ryan Kisor, naye wa tarumbeta, alishinda yale mashindano ya Monk 1990 akiwa na miaka 17. Kumi na saba! Akapata mkataba na lebo kubwa, albamu zikatoka, na ule ulikuwa wakati wa wale vijana wa jazi waliovaa suti, lebo zinawasaini kwa pupa halafu baada ya miaka michache zinawaacha kimyakimya. Kisor leo ni mpuliza wa kuheshimika sana, na heshima hiyo kaijenga wapi? Kwenye safu. Mingus Big Band, orkestra ya Lincoln Center, kiti kile kile ambacho Lee alianzia yeye alikwenda kukaa baada ya tuzo. Kwangu hiyo sio kushuka hata kidogo, ila sikumbuki gazeti lililowahi kuiandika kama habari njema.

Na hili la "Miles mpya" Mhariri naomba mlifute kabisa kwenye vichwa vyenu vya habari. Miles mwenyewe alifika New York 1944 kwa jina la kwenda kusoma chuo cha muziki cha Juilliard huku anamtafuta Charlie Parker usiku kucha. Novemba 1945, ana miaka 19, Parker akampa kiti kwenye kurekodi kwa Savoy. Wimbo wa Now's the Time anapiga yeye, taratibu, kwa uangalifu, unasikia kabisa ni mtu anayekanyaga asianguke. Ilipofika Ko-Ko, ile ya kasi ya kichaa, tarumbeta mnayoisikia humo sio ya Miles. Ni Dizzy. Kijana alikuwepo palepale studio na hakuipiga. Na Parker hakumfukuza, aliendelea kumweka kwenye bendi yake, akakaa humo mpaka 1948. Kama mngekuwepo siku ile mngeandika nini, kwamba kijana kashindwa?

Kwahiyo ombi langu ni dogo na halina gharama. Mkimhoji kijana wa tarumbeta safari ijayo, kabla hamjamuuliza albamu inatoka lini muulizeni nani alimwita kwa mara ya kwanza, alipewa tarumbeta ya ngapi, alikaa pale muda gani, nyimbo ngapi alitakiwa azijue kichwani bila karatasi, na nani alimwambia anyamaze. Halafu, na hili ndo nalitaka zaidi, mpigieni simu huyo aliyempa kiti, mumpe nusu ya ukurasa na picha yake, hata kama ni mzee asiye na mkataba wala mtandao wowote. Nendeni pia mkamsikie kijana siku ambayo jina lake halipo kwenye tangazo, yuko nyuma anampigia mtu mwingine, ndo mtuandikie mlichosikia.

Nafasi mnayo, maana ukurasa wa burudani wiki iliyopita nusu nzima ilikuwa picha ya kijana kashika tuzo, na maelezo chini yake mistari minne.

Wasalaam,
Msomaji wenu, mpenzi wa tarumbeta